Hitilafu ya Kakuma isitikise Nairobi: Jinsi mitandao ya kompyuta inavyogawanywa katika maeneo

MKAZI wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma anapoulizwa anakoishi, jibu lake huwa fupi. Atasema Kakuma 1, kisha ataje zoni, na mwisho bloku. Kambi hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1992 imegawanywa katika sehemu nne kuu, na kila sehemu ina zoni na bloku zake. Makao jirani ya Kalobeyei nayo yamegawanywa katika vijiji vitatu.

Mpango huo una faida ambayo ni wachache huifikiria. Dereva wa lori anayeondoka Lodwar akiwa na shehena ya unga hana haja ya kukariri bloku zote za makao yenye watu zaidi ya 250,000. Kwake yeye, jina Kakuma latosha: ni mji ulio takriban kilomita 120 mbele yake, katika barabara iendayo Lokichoggio. Habari za zoni na bloku ataziuliza akishafika.

Vivyo hivyo, njia ya miguu baina ya bloku mbili ikizibwa na maji ya Mto Tarach, habari hiyo ni muhimu kwa wanaoishi hapo. Kwa mtu aliye Eldoret au Nairobi haina uzito wowote, na kumpigia simu kila mmoja wao kumweleza ni kupoteza wakati na fedha.

Mantiki hiyo hiyo ndiyo iliyomo ndani ya mitandao mikubwa ya kompyuta. Mashine zinazoelekeza mawasiliano hazina uwezo wa kujua kila kitu kuhusu kila mahali kwa wakati mmoja bila kuchoka. Kwa hivyo wahandisi huugawa mtandao katika maeneo, kila eneo likajua mambo yake kwa kina na ya wengine kwa muhtasari.

Ugawaji huo hauonekani kwa macho, lakini ndio unaoamua iwapo hitilafu ndogo itabaki pale ilipotokea au itasambaa. Ukifanywa vibaya, waweza hata kuwatenga watu ambao njia ya kuwafikia ipo.

Kwa nini jambo hili lihusu Turkana

Kaunti ya Turkana ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu humo watu 926,976, waliotawanyika katika vituo vilivyo mbalimbali mno.

Kwa miaka mingi, mawasiliano ya data katika eneo hilo yalitegemea zaidi setilaiti. Setilaiti za kawaida za mawasiliano zilizo juu ya ikweta hukaa umbali wa takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, na ujumbe unaokwenda huko na kurejea pamoja na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde.

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, miji iliyo kando ya nyaya za faiba za nchi kavu ilinufaika kwanza. Kaskazini ilisubiri. Mradi wa kuboresha barabara ya kuelekea Sudan Kusini, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha kuufadhili mwaka wa 2015, ulijumuisha kulazwa kwa nyaya za faiba kutoka Eldoret, kupitia Lodwar na Kakuma, hadi Nadapal mpakani, mwendo wa takriban kilomita 600.

Kinachopita katika njia za namna hiyo si burudani pekee. Serikali za kaunti hulipa wafanyakazi na wanakandarasi kupitia mfumo wa kitaifa wa usimamizi wa fedha, IFMIS. Huko Kakuma, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha mwaka wa 2015 mpango wa Bamba Chakula, ambao uliwawezesha wakimbizi kupokea sehemu ya mgao wao kwa njia ya simu na kununua vyakula kwa wafanyabiashara walioidhinishwa.

Mahali ambapo chakula hulipiwa kwa simu, mtandao ukikatika mchana kutwa ni sawa na duka kufungwa.

Ruta hufanya nini

Data haisafiri kwa mkupuo mmoja. Barua pepe, picha au malipo hukatwakatwa kuwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya iendako. Njiani hupokelewa na mashine ziitwazo ruta. Kila ruta husoma anwani, hutazama jedwali lake la njia, kisha huikabidhi pakiti kwa ruta inayofuata.

Swali ni hili: ruta hupata wapi jedwali hilo? Katika mtandao wa ruta tatu, fundi anaweza kuliandika kwa mkono. Zikiwa ruta mia tatu, nazo zinazimika na kuwaka kila mara umeme unapopotea, kazi hiyo haiwezekani. Lazima ruta ziambiane zenyewe, kwa kufuata kanuni za mazungumzo ambazo wataalamu huziita itifaki.

Itifaki za kwanza zilifuata mtindo wa uvumi. Ruta moja iliiambia jirani yake, "Mimi naweza kufika Lokichoggio kwa hatua tatu." Jirani aliongeza moja na kumwambia mwenzake, "Mimi nafika kwa hatua nne." Hakuna aliyeijua ramani. Kila mmoja aliamini la jirani.

Udhaifu wa mtindo huo hudhihirika njia inapokatika. Ruta ya kwanza hupoteza njia, kisha husikia kutoka kwa jirani kwamba yeye bado anafika. Haijui kwamba njia ya huyo jirani ilikuwa ni yake mwenyewe. Pakiti huanza kuzunguka baina ya ruta mbili kama watu wawili wanaoelekezana katika giza.

Itifaki ya RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka wa 1988 na inayofuata mtindo huu, ililazimika kuweka kikomo: kituo kilicho zaidi ya hatua 15 huhesabiwa kuwa hakifikiki. Wahenga wa siku hizi husema akili za kuambiwa changanya na zako. Ruta za mtindo huu hazikuwa na za kuchanganya.

Kila ruta na ramani yake

Mtindo wa pili huitwa itifaki za hali ya viungo. Hapa ruta haimwelezi jirani kile inachodhani kuhusu mahali pa mbali. Hutangaza tu kile inachokijua kwa hakika: imeunganishwa na nani, na gharama ya kila kiungo ni ipi. Kwa kawaida kiungo chenye kasi huwa na gharama ndogo.

Tangazo hilo hupelekwa kwa majirani wote, nao huwapelekea majirani wao bila kulibadilisha, hadi limfikie kila mmoja. Wataalamu hulifananisha zoezi hilo na mafuriko, kwani tangazo huenea kila upande kama maji yatokayo milimani.

Matangazo yote yakishafika, kila ruta huwa na ramani ile ile ya mtandao mzima. Kisha kila moja, kwa hesabu yake yenyewe, hutafuta njia ya gharama nafuu kwenda kila mahali.

Hesabu inayotumiwa ilibuniwa mwaka wa 1956 na Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyekuwa akitafuta njia fupi baina ya miji ya nchi yake kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa kompyuta mpya mjini Amsterdam. Alisimulia baadaye kwamba aliibuni kwa dakika kama ishirini akiwa mkahawani, bila kalamu wala karatasi. Ilichapishwa mwaka wa 1959.

Mtandao wa ARPANET wa Marekani, uliokuwa mtangulizi wa intaneti, ulianza kutumia mtindo wa hali ya viungo mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo itifaki mbili za aina hii ndizo zinazotawala. Ya kwanza ni OSPF, ambayo maelezo yake ya mwanzo yalitolewa mwaka wa 1989 na toleo linalotumika sana likaandikwa na John Moy mwaka wa 1998. Ya pili ni IS-IS, inayopendwa na kampuni kubwa za mawasiliano.

Ruta zinazotumia OSPF hujuliana hali kwa salamu. Katika mipangilio ya kawaida, kila baada ya sekunde 10 ruta humtumia jirani salamu fupi. Sekunde 40 zikipita bila salamu, jirani huhesabiwa kuwa ametoweka, tangazo jipya hutolewa na ramani huchorwa upya.

Ugonjwa wa kujua kila kitu

Ubora wa mtindo huu ndio pia unaozaa tatizo lake. Kila badiliko humhusu kila mmoja.

Chukua mfano wa kufikirika wa kituo kidogo cha redio katika kijiji kimoja cha Kalobeyei, kinachotegemea nguvu za jua na betri iliyochakaa. Usiku betri inapolegea, kiungo huzimika, huwaka, huzimika tena. Kila mara tangazo jipya hutoka. Ikiwa mtandao wote ni eneo moja, tangazo hilo hufika Kakuma, Lodwar, Eldoret, Nairobi na Mombasa, na kila ruta katika miji hiyo huanza hesabu upya.

Ruta ya Mombasa haitabadilisha chochote. Njia yake ya kwenda Kalobeyei ni ile ile moja. Lakini haiwezi kulijua hilo kabla ya kufanya hesabu.

Zidisha kituo hicho mara mia mbili. Ruta zenye uwezo mdogo huanza kuchelewa kutoa salamu kwa sababu zimeshughulika na hesabu. Majirani hudhani zimekufa na kutangaza hivyo. Tangazo hilo nalo huzaa hesabu nyingine. Hitilafu ya betri moja huwa imegeuka homa ya mtandao mzima.

Historia ina mfano wa kweli wa jinsi matangazo yanavyoweza kuuangusha mtandao. Mnamo Oktoba 27, 1980, ARPANET ulikwama kwa saa kadhaa. Kumbukumbu ya mashine moja ilipoteza tarakimu chache, na kukawa na nakala tatu za tangazo moja zenye nambari tofauti za mfuatano. Kutokana na jinsi nambari hizo zilivyolinganishwa, kila nakala ilionekana mpya kuliko mwenzake. Mashine zote zikawa zinazipokezana bila kikomo hadi kazi nyingine zikasimama.

Kasoro hiyo ya nambari ilirekebishwa katika itifaki zilizofuata. Fundisho moja lilibaki: katika mtandao ambapo kila tangazo humfikia kila mmoja, ugonjwa nao humfikia kila mmoja.

Maeneo na uti wa mgongo

Tiba iliyopendekezwa na waundaji wa OSPF ni kuugawa mtandao. Ruta za eneo moja hubadilishana matangazo kamili na kuwa na ramani moja. Matangazo hayo hayavuki mpaka.

Mpakani huwekwa ruta maalumu yenye mguu mmoja katika kila eneo. Ruta hii ya mpakani ina ramani za pande zote mbili, lakini haizivushi. Huvusha muhtasari: "Kupitia kwangu mtafika kwenye anwani hizi, kwa gharama hii."

Yako pia maeneo ya namna mbili. Eneo sifuri ndilo uti wa mgongo. Maeneo mengine yote lazima yaungane nalo, na mawasiliano kutoka eneo moja la kawaida hadi jingine hupitia humo.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba shirika fulani lina mtandao unaofuata barabara ya kaskazini. Uti wa mgongo ungepita Nairobi, Eldoret, Lodwar hadi Kakuma. Ofisi na zahanati zilizo mjini Lodwar na viunga vyake zingekuwa eneo la 1, ruta ya mpakani ikiwa Lodwar. Kambi ya Kakuma na Kalobeyei zingekuwa eneo la 2. Lokichoggio, mji uliokuwa kituo kikuu cha misaada iliyopelekwa kusini mwa Sudan tangu mwaka wa 1989, ungekuwa eneo la 3. Maeneo haya mawili yangekutana na uti wa mgongo kwenye ruta ya Kakuma.

Sasa betri ya Kalobeyei ikilegea, ni ruta za eneo la 2 tu zinazochora ramani upya. Nairobi husikia kwamba Kakuma ipo, jana na leo.

Anwani zisipopangwa, mpaka haufai kitu

Hata hivyo, kuchora mpaka pekee hakutoshi. Ruta ya mpakani ikilazimika kutaja kila anwani moja moja, basi kila mara kituo kimoja kinapozimika itabidi itume habari ng'ambo kwamba anwani fulani haipo tena. Ramani itakuwa imefichwa, lakini kelele itavuka.

Dawa ni kupanga anwani kwa mafungu tangu mwanzo, kama bloku za kambi zilivyopangwa chini ya zoni. Ikiwa vituo vyote vya eneo la 2 vitapewa anwani zinazoanza na 10.40, ruta ya mpakani itatangaza jambo moja tu: "Zote za 10.40 leteni kwangu." Fungu hilo lina nafasi ya anwani 65,536. Kituo kimoja kikizimika, fungu bado lipo na tangazo halibadiliki.

Pale ambapo anwani ziligawanywa kiholela, moja Kalobeyei, inayofuata Lodwar, ya tatu Lokichoggio, muhtasari hauwezekani. Kazi ya kuzipanga upya baada ya miaka mitano ya matumizi ni ngumu kuliko kujenga mtandao mpya.

Muhtasari nao una bei yake. Nairobi haitajua kwamba kituo fulani kimezimika, hivyo itaendelea kutuma pakiti zake hadi Kakuma ndipo zitupwe. Ni kama mgeni aliyesafiri kutoka mbali akakuta mwenyeji wake amehama. Wahandisi wengi huikubali hasara hiyo, kwa kuwa safari chache za bure ni nafuu kuliko kuamsha nchi nzima kila betri inapolegea.

Njia iliyopo lakini haipitiki

Sharti la kwamba kila eneo liguse uti wa mgongo huwakera wengi wanaojifunza fani hii. Kwa nini eneo la 2 lisipokee muhtasari kutoka eneo la 3 na kuupitisha moja kwa moja?

Jibu liko katika ule mtindo wa uvumi. Ndani ya eneo, kila ruta ina ramani na haiwezi kudanganyika kirahisi. Baina ya maeneo, hakuna ramani. Kuna muhtasari tu, na muhtasari ni neno la kuambiwa. Maneno hayo yakiruhusiwa kuzunguka kutoka eneo hadi eneo, yule aliyeyasema mwanzo anaweza kuyasikia tena kana kwamba ni habari mpya, na pakiti zikarudi kuzunguka gizani.

Waundaji wa OSPF waliufunga mlango huo kwa kanuni moja: ruta ya mpakani inapotafuta njia ya kwenda eneo jingine, husikiliza muhtasari uliokuja kupitia uti wa mgongo pekee. Muhtasari wa upande mwingine huupuuza, hata ukiwa wa kweli.

Hapa ndipo uamuzi wa mchoraji wa mipaka unapogusa maisha ya watu. Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme shirika lile, kwa busara, liliongeza njia ya akiba ya redio kutoka Lodwar hadi mnara ulio ndani ya kambi. Kwa kuwa mnara uko kambini, fundi aliiweka njia hiyo katika eneo la 2.

Faiba ikikatwa katikati ya Lodwar na Kakuma, uti wa mgongo huvunjika vipande viwili. Kambi itaendelea kupata huduma, kwa sababu ruta ya Lodwar sasa ina mguu katika eneo la 2 na inaiona kambi katika ramani ya eneo hilo.

Lokichoggio haitapata. Muhtasari wake unafika Lodwar kwa njia ya redio, lakini umekuja kupitia eneo la 2 na si uti wa mgongo. Ruta ya Lodwar, kwa kufuata kanuni, huupuuza. Nyaya baina ya Kakuma na Lokichoggio ni nzima. Redio baina ya Lodwar na kambi ni nzima. Mhudumu wa zahanati ya Lokichoggio anazungumza na Kakuma vizuri, lakini Nairobi haimwoni.

Fundi aliyetumwa kukagua mitambo atakuta taa zote za kijani. Kosa halimo katika mitambo. Limo katika mchoro.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuunda kiungo cha kufikirika kinachopita ndani ya eneo la 2, ili ruta ya Lodwar na ya Kakuma zihesabu kwamba uti wa mgongo bado umeshikana. Ya pili, ambayo wahandisi wengi huiona bora, ni kuifikisha njia ya akiba hadi kwenye ruta ya mpakani ya Kakuma na kuiweka katika eneo sifuri tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, akiba ya uti wa mgongo iwe sehemu ya uti wa mgongo.

Kukatika kwa njia si jambo la kubuni katika ukanda huo. Mnamo Novemba 2019, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya ardhi yaliyoua makumi ya watu katika Kaunti ya Pokot Magharibi na kuikata barabara ya Kitale kwenda Lodwar. Waya uliolazwa kando ya barabara hushiriki majaliwa ya barabara hiyo.

Eneo lenye mlango mmoja

Kuna eneo ambalo halihitaji hata muhtasari. Lokichoggio ya mfano wetu ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Kakuma. Kuieleza jinsi ya kufika Mombasa, Garissa au London ni kazi bure, kwani jibu ni lile lile.

Eneo la namna hiyo laweza kupangwa lipokee agizo moja: chochote kisicho cha hapa, peleka Kakuma. Ruta zake zaweza kuwa ndogo na za bei nafuu. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba, kwa kanuni za OSPF, kile kiungo cha kufikirika cha kuunga uti wa mgongo hakiruhusiwi kupita ndani ya eneo lililopangwa hivi. Anayelirahisisha eneo hulipunguzia pia uwezo wa kuwaokoa wengine.

IS-IS hufikia lengo hilo kwa mpangilio tofauti kidogo. Badala ya eneo sifuri, ina ngazi mbili. Ruta za ngazi ya kwanza hulijua eneo lao tu, na za ngazi ya pili huunganisha maeneo. Tofauti nyingine ni kwamba katika OSPF mpaka hupita katikati ya ruta, ilhali katika IS-IS mpaka hupita juu ya waya, na kila ruta huwa ya eneo moja.

Je, ugawaji bado una haja?

Wapo wataalamu wanaosema kwamba maeneo ni mabaki ya enzi za kumbukumbu ndogo. Wana hoja. Ruta za kisasa huweza kuhifadhi ramani ya mamia ya wenzake na kumaliza hesabu ya Dijkstra kabla ya mtu kupepesa jicho. Mitandao mingi ya ukubwa wa kadiri leo hutumia eneo moja na haina tatizo. Kuchora mipaka pasipo haja huongeza kanuni za kukumbuka na makosa ya kutenda.

Lakini hoja hiyo huwa na nguvu zaidi katika majengo yenye umeme usiokatika na nyaya za kasi. Katika vituo vinavyotumia jua, redio za masafa marefu na ruta za bei ya chini, kelele ya matangazo bado ni mzigo. Hata kuja kwa setilaiti zinazoruka chini, kama za Starlink zilizoanza kutoa huduma nchini Kenya mwaka wa 2023, hakujaondoa swali hilo. Kumeongeza njia nyingine inayopaswa kupangiwa mahali pake katika mchoro.

La kuzingatia ni kwamba maeneo hayaongezi njia. Penye waya mmoja, ugawaji hauleti wa pili. Kinachofanywa na maeneo ni kuamua nani aamshwe usiku hitilafu inapotokea, nani aachwe alale, na njia ya akiba itumiwe na nani.

Kwa hivyo, taasisi inayojenga mtandao katika kaunti pana kama Turkana hupaswa kujiuliza maswali matatu kabla ya kununua mtambo wowote. Anwani zimepangwa kwa mafungu yanayofuata jiografia? Faiba ikikatwa mahali fulani, uti wa mgongo utavunjika vipande vingapi? Na njia ya akiba imewekwa katika eneo gani?

Swali la tatu ndilo husahaulika, kwa sababu siku ya uzinduzi kila kitu hufanya kazi. Jibu lake hujulikana siku mvua inaponyesha, waya unapokatika, na mhudumu wa zahanati iliyo mwisho wa barabara anapogundua kwamba taa za mitambo yake zinawaka lakini hakuna anayemsikia.